Redioni Hakuna Nukta

Neno lenyewe ni kumanyoko. Naliandika hapa juu kabisa, kabla ya jambo lingine lolote, ili anayetaka kufunga kitabu akifunge sasa hivi, asije akanilaumu mbele. Nimechoka na watu wanaolizunguka. Mwezi uliopita tumemzika Maalim Mfaume, mume wa mamkubwa wangu, na wanaume waliporudi kutoka makaburini mie nilikuwa uani nagawa chai. Upande wa pili wa uzio wa makuti wawili walikuwa wananawa miguu huku wanaongea. Mmoja kauliza, "Huyu si ndo yule maalim aliyetukana shuleni?" Mwenzake kajibu, "Ndo yeye. Mungu amsamehe." Halafu wakaanza kuzungumzia betri ya pikipiki. Basi, imekwisha. Mtu kafundisha watoto alifu mpaka wakakhitimu, kafungisha ndoa, kazika watu, na kilichobaki midomoni ni hicho: aliyetukana shuleni. Niliweka birika chini kwa hasira, chai ikaniunguza mkono. Nikasema mwaka ule nauandika wote, na neno lake, na siombi ruhusa kwa mtu.

Mambo ya ukoo sitayaeleza, hayana kazi hapa. Inatosha mjue kwamba mamkubwa Awa, dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea, na kwamba mwaka ninaousema alikuwa ameshauawa. Kijiji chetu cha njia ya Namoto, ile iendayo mpakani na Tanzania, kilikuwa kimebaki kuta. Mie na Maalim tulikuwa tumepewa chumba katika bairu, yaani mtaa, la wahamiaji, si mbali na uzio wa mradi wa gesi wa Afungi, chumba kimoja cha bloku na bati, tumekigawa kwa kapulana, vitenge vyetu vya kujifunga, mbili zilizoshonwa pamoja. Yeye alilala upande wa mlango, mie upande wa dirisha, ingawa dirisha lilikuwa tundu tu limezibwa kwa gunia. Nilikuwa nimemaliza klasi ya kumi na mbili na sina kazi. Kila asubuhi nilipeleka jina langu getini pale Afungi, wanapotafuta watu wa jikoni na wa kufua, na kila asubuhi narudi na jina langu. Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu, na siku njema dagaa. Mkate tulikula kwa sababu ya Bi Mwaija. Huyu ni mama wa Kimakua, alikuwa jirani yetu tangu kijijini, na sasa alikuwa anaosha masufuria kwenye kantini ya wafanyakazi kule ndani ya uzio. Miisho ya mikate aliileta kwenye mfuko wa plastiki, bado ina harufu ya jiko la wenyewe.

Hodi alikuwa hapigi. "Nyumba ya mtumwa wangu haipigwi hodi!" anasema akiwa ameshaingia. Siye na wao ni watani, tangu wazee. Mtani anaweza kukutukana siku ya harusi yako, anaweza kulala juu ya jeneza la baba yako akadai alipwe ndo atoke, na ukikasirika wewe ndo huna adabu. Maalim alikuwa anamjibu bila kuinua macho kwenye msahafu.

"Wee mwanamke, mdomo wako utaingia motoni kabla yako."

"Nitangulizie huo mdomo, Maalim. Mwenyewe nitabaki hapa nile mkate."

Kijijini Bi Mwaija alikuwa anamtukana mamkubwa kila siku ya Mungu, kisimani, sokoni, popote. Matusi ya nguoni, yale yenyewe, kwa sauti ya kuita mbuzi. Mamkubwa anajibu, "Astaghafiru, Mwaija," anajifunika mdomo kwa ukaya, anacheka ndani kwa ndani mabega yanatikisika. Kujibu hajibu. Mamkubwa wangu alikuwa mtu ambaye hata mavi ya mbuzi hakuyaita mavi, aliyaita uchafu wa mbuzi. Choo alikiita kule nje. Nilipovunja ungo aliniambia habari zote za ukubwa bila kutaja kiungo hata kimoja, mpaka nikatoka pale sijui nimeambiwa nini, ikabidi nikamuulize Bi Mwaija. Bi Mwaija aliniambia kila kitu na majina yake.

Sasa ile siku. Nitaisema mara moja tu. Maalim alikuwa amevuka kwenda upande wa Tanzania kwenye msiba. Mie na mamkubwa tulikuwa jikoni nyuma ya nyumba tunamenya muhogo, watoto watatu wa madrasa wamekaa chini wanasubiri vipande vibichi. Wale wa porini, wapiganaji wanaoua watu kwa jina la dini, waliingia kijijini asubuhi kweupe. Yaliyotokea kwenye nyumba nyingine tuliyasikia kabla ya kuwaona. Watu walikuwa wanaomba. Nilisikia mtu anaita "kaka, kaka," mwingine anaita "sheikh," mwanamke mmoja anaita "mwanangu, mwanangu, mie mama yako." Hakuna jina la heshima ambalo halikuitwa asubuhi ile, na hakuna hata moja lililomfanya mtu ageuke. Kisha kijana mmoja kaingia jikoni kwetu, ana bunduki, kandambili zake hazifanani, moja ya bluu moja ya njano. Kanishika mkono. "Wewe simama, tunaondoka." Mamkubwa alisimama. Kisu alikuwa amekiacha kwenye maganda. Akasema, "Kumanyoko we. Muache mtoto."

Yule kijana aliniachia. Aligeuka mwili mzima. Akauliza, "Umesemaje?" na aliuliza kweli, kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Nyuma yangu palikuwa na tundu kwenye uzio, kuku wanapita. Nilipita. Watoto wakapita nyuma yangu. Nilikuwa ndani ya shamba la muhogo niliposikia mlio. Mlio sitauandika, kila mtu wa huku anaujua.

Ndo maana nasema neno lile lilifanya kazi. Mtu anaweza kupuuza kuombwa, lakini mtu aliyetukaniwa mama yake lazima ageuke, hata awe nani, na kile kitendo cha kugeuka ndicho kilichonipa tundu la kuku. Ukilitoa neno, hakuna anayeelewa mie nilitokaje jikoni.

Mwaka ule alikuja Dona Olinda. Alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Inhambane kule kusini, ameletwa huku kwa kazi za utamaduni, na Kiswahili chake alijifunza hapa hapa, anakitamka polepole kama anavuka mto kwa mawe. Alizunguka akiwaambia vijana waandike waliyoyaona, kitabu kidogo kitachapishwa, Kiswahili upande huu Kireno upande ule, kigawiwe mashuleni. Mie tangu nasoma eshkola nilikuwa naandika mambo yangu kila siku, kwa hiyo nilikaa nikaandika kwa mkupuo mmoja, nikampelekea. Baada ya wiki chache kaja nyumbani na karatasi iliyopigwa chapa. Tulimpa kiti, tulikuwa nacho kimoja. Maalim kakaa mkekani. Nje Bi Mwaija alikuwa anakaanga samaki, na nilijua anasikiliza kwa sababu alikuwa kimya.

"Umeandika vizuri sana, binti," kasema Dona. "Nimelia. Lakini hapa..." Kidole chake kilisimama juu ya neno bila kuligusa, kama mtu anayekuonyesha nge. "Hapa kuna palavrão, tusi zito."

"Ndilo alilosema."

"Najua. Lakini kitabu kinaingia eshkola. Watoto watasoma."

"Watoto walikuwepo, Dona. Watatu. Walilisikia kwa masikio yao."

"Kusikia na kuchapisha ni tofauti. Mtu akitukana njiani, upepo unachukua. Kwenye kitabu linakaa. Na msomaji, nisikilize, msomaji ataacha mengine yote, atakumbuka hilo moja. Mama yako mkubwa atakuwa mwanamke wa tusi. Unataka hivyo?"

Siku ile nilimuona mwoga. Leo, baada ya yale niliyoyasikia kwenye uzio wa makuti siku ya mazishi, nakubali kwamba hapo alisema kweli, na inaniuma. Akapendekeza tuandike "alimwambia maneno makali."

"Makali yapi? Ya pilipili?"

"Adabu, Zena," kasema Maalim. Kisha akawa anakunja na kukunjua ncha ya mkeka. "Mwanangu, maiti hufunikwa. Hata wanaomwosha wakiwa ndugu zake wa damu, wanamfunika hapa mpaka hapa, wanapitisha mkono chini ya nguo bila kuangalia. Neno hili ni uchi wake. Mfunike."

"Hakuoshwa," nikasema.

Ilikuwa kweli. Alizikwa kwa haraka na majirani waliorudi kwa kujificha, Maalim alifika akakuta udongo. Tukasikia mafuta ya Bi Mwaija yanalia nje. Dona Olinda ndo aliyetafuta njia. Akasema Kireno kina utaratibu wake, reticências, yaani unaandika herufi ya kwanza halafu unaweka nukta. K, nukta nukta nukta. Kila mtu mzima ataelewa, hakuna atakayeudhika. Maalim akaniangalia. "Kwa ajili yangu," akasema. Sikusema ndiyo. Nilitoka nje nikasimama kwenye moshi wa samaki, na wale waliobaki ndani walichukua kutoka kwangu kuwa ndiyo.

"Wasomi mna mambo," Bi Mwaija kaninong'oneza. "Mnalivisha neno suruali."

Kitabu kilitoka kizuri. Jalada la kijani, majina yetu ndani. Nilikaa nacho siku nzima namuonyesha kila mtu, hata wale wa getini. Na kwenye ukurasa wangu palikuwa pameandikwa: *Alisema, "K..... we. Muache mtoto."* Juu yake Dona alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe, kwamba shujaa wetu Mama Awa alisimama bila woga. Nilisoma nikaona yanapendeza.

Kilichofuata hakuna aliyekiwazia. Redio ya jamii ilianza kusoma kitabu hewani, simulizi moja kila jioni baada ya matangazo ya vifo. Redio hiyo inasikika mbali, watu wa Mucojo waliohamia huku wanaisikiliza, wavuvi wanaisikiliza, hata walinzi wa Afungi. Jioni ya zamu yangu tulikaa uani tunakula, mie, Maalim na Bi Mwaija, simu imewekwa ndani ya bakuli tupu ili sauti ikue. Mtangazaji alikuwa kijana anaitwa Sumail, ana sauti nzuri, anajua kusoma. Alisoma muhogo, alisoma watoto, alisoma kandambili. Nilikuwa nasikia maneno yangu kwa sauti ya mtu mwingine. Kisha akafika pale, na bila kusita hata kidogo akasoma: "Alisema, Kafiri we! Muache mtoto."

Mkono wa Maalim ulisimama juu ya sahani, tonge bado lipo vidoleni.

"Kasemaje?" kauliza Bi Mwaija. Maalim alirudisha tonge pale pale alipolitoa, akanawa.

Msomaji wa mbali anaweza kuona ni kosa dogo. Huku kwetu si dogo. Tusi la nguoni ni aibu, watu wanaliongea wiki mbili wanachoka. Kafiri ni neno la wale wa porini. Ndilo walilokuwa wanawapigia watu kelele kabla ya kuwafanya walivyowafanya. Mtu wa kawaida siku hizi halitamki, hata kwa masihara. Sasa mwanamke analijua, analitoa mdomoni haraka namna ile mbele ya bunduki, kalitoa wapi? Kafundishwa na nani? Na mumewe ni nani, si maalim? Mwaka ule kuwa maalim wa madrasa tayari ilikuwa kazi ya kuangaliwa na serikali. Kule mwisho wa bairu kulikuwa na muuza dagaa aliyechukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo, na mkewe mpaka leo anauliza hajibiwi.

Asubuhi nilienda redioni kwa miguu, nimeshika kitabu.

"Dada, redioni hakuna nukta," Sumail kanijibu. "Ningenyamaza pale watu wangedhani umeme umekatika. Ilibidi niseme kitu."

"Kwa nini kafiri?"

"Ni K. Na ni mke wa maalim. Mwanamke mwenye dini yake atasema nini kingine?"

"Alisema kumanyoko."

Akacheka. Kisha akaniona uso, akaacha. "Haiwezekani. Bi Awa? Mama yangu alikuwa anamsifu Bi Awa kutusuta sisi."

"Ndilo alilosema. Tangaza leo kwamba umekosea, useme neno lenyewe."

"Hewani? Wee! Watafunga redio kabla sijamaliza." Akafikiri, kijana wa watu, alikuwa anataka kusaidia kweli. "Naweza kusema kwamba marehemu alitumia neno lingine."

"Lingine lipi?"

"Hapo ndo tatizo."

Nikarudi nyumbani nikiwa na akili moja tu: kafiri inapita hewani, kumanyoko haipiti. Neno lililoua watu wangu ni safi, linaweza kusomwa baada ya matangazo ya vifo. Neno lililonitoa jikoni ni chafu. Nimeliwaza jambo hili miaka yote tangu siku ile na sijalimaliza. Mie si mtu wa matusi. Vijana wenzangu wanaoandika kwenye simu na kutukana kila mstari wananichosha, kwa sababu wanatukana kwa kukosa la kusema. Ila mwandishi kutukana ni jambo moja, na mtu uliyemuona anatukana ni jambo lingine, hilo la pili si mali yako kulikata. Na ukilikata, kidonda hakibaki kitupu. Watu wanaweka dawa yao.

Madrasa ilikuwa nyuma ya chumba chetu, chini ya kibanda cha turubai. Watoto walianza kupungua. Mmoja alifika mpaka kwenye uzio akasimama: "Maalim, mama kanituma nije niseme naumwa." Maalim akamwambia pole, rudi ukalale, na mtoto akaondoka mbio. Msikitini walimsalimia kama kawaida, lakini kwenye safu palikuwa na nafasi kila upande wake, mtu mwembamba angeweza kupita. Kisha walikuja wanaume wawili wa viatu safi. Hawakusema wametoka wapi. Mmoja aliuliza Maalim anafundisha vitabu gani, alisoma wapi, alipovuka kwenda msibani Tanzania alilala kwa nani, na kwa bahati gani hakuwepo siku ile. Mwingine alikaa anaangalia bati. Walipoondoka walisema watarudi. Usiku ule na uliofuata nilimsikia nyuma ya kapulana hageuki wala hakoromi.

Dona Olinda alikuja analia, akamshika Maalim mikono, kitu ambacho Maalim hakukizoea, akaiacha imeshikwa tu kama imesahauliwa pale. Alisema ataandika barua kwa wakubwa. Nikamuuliza barua hiyo ataliandika neno au ataweka nukta. Akaiachia mikono ya Maalim, na sikumuonea huruma.

Shefe, mkuu wa bairu, ndo aliyeitisha kikao, ndani ya darasa la eshkola. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoweza. Watu walijaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, wengine madirishani. Nje watoto wananing'inia. Wale wa viatu safi nao walikuwepo, mmoja kaegemea mlango. Shefe kasema, "Hatuko hapa kumhukumu mtu. Tunataka kujua tu, marehemu alisema nini."

Nikasimama. Nilikuwa tayari, nilikuwa nimelala nalo neno mdomoni.

"Huyo ni mtoto wao," sauti ya mwanaume ikatoka nyuma. "Atasema alichofundishwa."

"Kaa, Zena," kasema Maalim.

"Bamkubwa, mie ndo nilikuwepo..."

"Kaa, mwanangu. Ni neno la mke wangu."

Alisimama. Alivua kofia yake, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni. Sijawahi kumuona anaongea mbele ya watu bila kuanza na bismillahi, hata akiomba chumvi. Siku ile hakuanza nayo. Alimwangalia yule wa mlangoni.

"Mke wangu alisema, 'Kumanyoko we. Muache mtoto.' Si neno lingine. Aliyeweka nukta ni mimi, niliona haya. Neno ni hilo, kumanyoko."

Wanawake wakavuta ukaya midomoni. Mzee mmoja akapiga kelele, "Maalim! Watoto wako madirishani!" Na yule wa nyuma akasema, sasa kwa sauti ya upole ambayo ilikuwa mbaya zaidi, "Bi Awa tunamjua siye. Bi Awa hawezi kusema hivyo. Bora ungetafuta uongo mwingine." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikaelewa tumekwisha. Adabu yake yote, uchafu wake wa mbuzi na kule nje kwake, vyote vilikuwa vimesimama kutoa ushahidi dhidi yake. Kila mtu aliyewahi kumpenda alikuwa na sababu ya kutotuamini.

"Hawezi?" Bi Mwaija alikuwa amekaa sakafuni karibu na ubao, akainuka kwa kushikilia meza ya mwalimu. "Nani kasema mtumwa wangu hawezi? Nimemfundisha mimi! Miaka yote kisimani namwambia kumanyoko, Awa, hujambo, kumanyoko, Awa, lete ndoo. Yeye astaghafiru, astaghafiru. Nikasema huyu mpumbavu hafundishiki. Kumbe alikuwa anahifadhi, mwizi yule! Kaninyima mimi mtani wake, kampa mtu wa bunduki." Akaanza kucheka na machozi yanamtoka, akageukia madirisha ambako wanaume wa makamo walikuwa wanatazama chini. "Mnaniangalia nini? Mtani wangu kafa vizuri, kumanyoko zenu wote!"

Hapo mtu mmoja akaguna kwa kicheko, akafuata mwingine. Ndo utani, huwezi kukasirika. Shefe alipiga meza, lakini hata yeye mashavu yalikuwa yanamshinda. Akamwambia katibu wake, "Andika hivi: lilikuwa tusi la kawaida." Yule wa viatu safi aliondoka mlangoni bila kuaga. Hawakurudi tena.

Ningependa kuishia hapo lakini mwaka haukuishia hapo. Wiki ile ile walikuja wazazi watatu, watu wazuri, wamebeba sahani ya mkate wa kumimina. Walikaa, walisifu chumba, walikula nasi. Kisha mmoja akasema, "Maalim, tumefurahi jambo limekwisha. Ila kwa sasa labda upumzike kidogo. Unajua, watoto walikuwa madirishani. Kinywa kinachosomesha Qur'ani..." Hakumaliza. Maalim alimsaidia: "Ndiyo. Nilijua." Niliruka kusema kitu, Maalim akaniangalia, nikakaa. Aliwasindikiza mpaka njiani kwa heshima zote. Nikakumbuka ile kofia. Aliivua kabla ya kusema, kwa hiyo alikuwa ameshapiga hesabu yake pale pale, amejua kwamba kafiri ingemchukulia uhai na kumanyoko ingemchukulia madrasa, akachagua. Turubai tuliliuza. Yeye akaenda kwa wafyatua bloku kuchekecha mchanga, mtu wa umri ule, anarudi na kope nyeupe. Msikitini hakwenda tena. Alisali chumbani, kwa sauti ya chini, na nyuma yake nilisimama mie peke yangu.

Mwaka huu Dona Olinda, sasa yupo kusini lakini simu tunapigiana, kaniambia kitabu kinachapishwa tena. "Safari hii andika unavyotaka," akasema. "Siweki kidole." Nikaandika ukurasa upya, nikamsomea Maalim akiwa kitandani, miguu imemvimba, kifua kinapiga filimbi. Nilisoma mpaka kwenye neno. Nilitegemea atashtuka. Hakushtuka. Alinizuia kwingine.

"Rudia hapo nyuma. Bila nini?"

"'Shujaa wetu Mama Awa alisimama bila woga.'"

"Nani kasema bila woga?"

"Dona ndo aliongeza, zamani. Nimeiacha kwa sababu inapendeza."

"Nipe kalamu."

Alikata "bila woga," akakata "shujaa wetu," kalamu ikatoboa karatasi. Neno la pale chini hakuligusa.

"Awa alikuwa anaogopa panya," akasema. "Radi ikipiga anaingia chini ya kitanda, mtu mzima yule. Siku ile aliogopa kuliko siku zake zote, ndo maana likatoka lile. Asiyeogopa anasema maneno mazuri." Akapumzika, akatafuta pumzi. "Wewe ulikuwepo. Alisema vipi? Kwa nguvu?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza, si Dona, si redio, si shefe. Wote waliuliza alisema nini.

"Hapana," nikamwambia. "Kidogo kidogo. Sauti ilimkwama katikati, akaimalizia."

Alifumba macho, midomo inacheza, nikajua analijaribu neno kwa sauti ile.

"Andika hivyo," akasema.